Shemeji Otmari, Nimepanda Meza Kubwa

Shemeji Otmari,

Hali yako sikuulizi. Ya kwangu nitakueleza bila kuulizwa, kama kawaida yangu. Ungekuwa hai ungesema, "Haya, redio imefunguliwa," halafu ungevuta kigoda chako na kusikiliza mpaka mwisho, unanikatiza pale tu ninapozidisha. Sasa hakuna wa kunikatiza. Nikizidisha humu itabidi nijirudi mwenyewe, na hiyo kazi sijaizoea.

Niko kwenye vichanja vya kahawa, hapa hapa nyumbani Mpepai. Jua ni kali, kahawa inakauka vizuri. Dada yako Filomena yuko kichanja cha pili anachambua, anatupa chini mbegu mbovu kwa hasira kana kwamba kila moja ina sura yangu. Ni mke wangu miaka yote hii na wewe ndiye uliyenipa, lakini wiki hii haongei na mimi. Simu nimeizima nikaitumbukiza ndani ya buti la mvua, maana hata kioo chake sitaki kukiona. Mimi, Shemeji! Mimi niliyewahi kumeza nyuki mzima nikiwa juu ya mti narina asali, na mkono usitetereke, leo natapishwa na kioo cha simu.

Nimepanda meza kubwa.

Najua umeshika kichwa. Shika tu. Mimi cha kwangu nimekishika mpaka nywele za kati zimeisha.

Unakumbuka tulivyoanza. Wewe ulijifunza karata za poka kwa wageni, pale nyumba ya wageni ya ufukweni mwa ziwa, Mbamba Bay, ulipokuwa mpishi. Walikufundisha ili wapate mtu wa kumla hela, mwisho wakaanza kuvaa miwani ya jua usiwasome macho. Ulipoacha jiko ukaingia kwenye biashara ya dagaa, ukaja nayo huku mlimani kwenye simu, kama mtu anayeleta mbegu mpya. Karata mbili zako mwenyewe, tano za wote zinalazwa mezani polepole, kila mtu anatengeneza mkono wake wa karata tano. Anayejiamini anaweka hela. Asiyejiamini anatupa karata zake, anaacha alichokwisha weka, na hakuna atakayejua alikuwa ameshika nini. Mimi nilishika mara moja. Nilikuambia siku ile ile kwamba nimezaliwa nayo. Ukasema, "Ndiyo Shemeji, ulizaliwa na kila kitu, mama yako alipata tabu sana."

Kila ulipopanda na matenga yako ya dagaa kuja sokoni Mbinga, ulilala kwangu. Ukishauza, tunakaa barazani mchana ule, simu moja, akaunti moja, mtaji mmoja, nusu wako nusu wangu. Na kanuni moja ya kwako: hakuna kucheza kama mwenzako hayupo. Niliona ni kanuni ya kitoto. Niliikubali tu kwa kuwa ulikuwa unaleta samaki.

Meza yetu ilikuwa ndogo, dau la kuanzia bei ya chapati, lakini ilikuwa na watu. Mtu akiingia ananisalimia kwa jina langu la humo, Mjomba. Yule mwalimu wa Ukata anaandika, "Shikamoo Mjomba, leo unatunyoa au unatuogesha?" Bosko mwenye duka la spea pale mjini anamjibu, "Mjomba ananyoa kavu, kaa chini." Nami nawanyoa huku nawapa hadithi. Siku ile niliwaandikia jinsi nilivyosukuma lori la mbolea peke yangu kwenye njia ya kwenda Mbamba Bay, wewe ukaninyang'anya simu ukaandika, "Muulizeni lori lilikuwa linaelekea wapi. Lilikuwa linateremka." Mwalimu akacheka mpaka muda wake wa kucheza ukaisha, mashine ikazitupa karata zake. Akasema baadaye zilikuwa nzuri. Wote husema hivyo.

Tulishinda, Shemeji. Mtaji ulinona kama nguruwe wa Pasaka. Na mimi, nani asiyenijua, nilitembea Mbinga nzima nikisema ni mimi. Kwamba wewe unanishikia tu simu nisichoke mkono.

Sasa ngoja nikwambie nilichokigundua, na ndicho kinachonitia kinyaa kuliko hela.

Ni kidole chako. Kile cha shahada, chenye kovu la ndoano. Mimi ninapokuwa nimeshaweka hela nimekaza macho, nataka kuendelea, kidole hicho kilikuwa kinapita mbele ya pua yangu kinabonyeza "acha." Bila kuuliza. Mimi nalalamika, nakutukana, nakuita mwoga wa ziwani, wewe unasema, "Twende nyingine." Mara ngapi? Kila mchana. Nilikuwa nahesabu kwamba kila ulipobonyeza umetunyima ushindi. Ungeniuliza siku ya mazishi yako ningeapa hivyo mbele ya padri.

Wewe ulikuwa ukiniambia, "Shemeji, unalima karata. Karata hazilimwi." Nikawa nacheka. Ila hukuelewa nimetoka wapi. Sisi Wamatengo tukiingia kwenye mteremko, mwanaume anakata nyasi anazilaza kwa miraba, mwanamke anachimba udongo wa katikati anazifukia, pale katikati panabaki shimo la ngolo la kukamata maji ya mvua. Ukishalaza nyasi, huondoki. Ukiacha nusu, mvua inakuja inaukomba mteremko wote, wa kwako na wa jirani wa chini. Baba yangu alimaliza ngolo zake akiwa na homa, anatetemeka hadi nyasi zinamponyoka kabla hajazilaza. Hiyo sizidishi, nilikuwepo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Basi mimi nikishaweka hela yangu mezani, hata ile ya kuanzia tu, moyoni nimeshalaza nyasi. Naachaje? Nitamwambia nini aliyenizaa?

Ninyi kwenu mtu anavuta wavu, anakuta majani na kopo la rangi, anarudi nyumbani, anaosha miguu, anakula ugali wake anacheka na mkewe. Hana neno. Niliwadharau kwa hilo, Shemeji. Nilisema ndiyo maana hamna nyumba za matofali.

Ukafa. Presha, ghafla, hata hukutuaga. Ulianguka pale stendi ya Mbinga na matenga matupu, umeshauza kila kitu, kama mtu aliyemaliza kazi. Mpaka nafika hospitali walishakufunika. Tukakuteremsha hadi kwenu ufukweni, tukakuzika mahali ambapo mawimbi yanasikika. Nililia, na mimi nikilia unajua ninavyolia, watu wa kitongoji cha pili walifikiri kuna msiba mwingine.

Halafu nikasimama kuongea.

Kama ungekuwepo ungenivuta shati. Nilianza vizuri, nikasema ulikuwa mtu mwema. Kisha ulimi ukashika mteremko. Nikawaambia waombolezaji mimi na marehemu tumewapiga Wazungu karata mpaka wakaomba nauli. Nikawaambia meza ndogo sasa imenichosha. Nikasema, kwa heshima ya shemeji yangu napanda meza kubwa, na kwa hela ya huko Agnela mjane wake atapata jokofu la kusimama, la milango miwili, samaki wake wa kuuza walale kama wako Ulaya. Watu wakapiga makofi, Shemeji. Msibani. Na mimi nikainamisha kichwa kuyapokea.

Mke wako alikuwa amekaa kwenye mkeka na kitambaa kichwani. Aliniangalia akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, la kulala linanitosha."

La kulala, lile la kufunuliwa kwa juu kama sanduku. La mtumba, Bosko alishatuonyesha moja pale mjini ulipokuwa hai. Ndilo ulilokuwa unamtafutia mwenyewe, maana samaki asiyenunuliwa mpaka saa sita anamtupa au anamgawa, na watoto wako wanakula kutokana na hao wanaonunuliwa tu. Mtaji wetu, nusu yako na nusu yangu, ulilitosha siku ile ile. Ningetoka makaburini nikaenda kulinunua. Lakini nilikuwa nimeshasema milango miwili mbele ya watu.

Nikapanda.

Meza kubwa haina salamu. Hilo la kwanza. Dau lake la kuanzia tu ni bei ya debe la mahindi, kila mzunguko debe, na watu wake hawana majina. Mmoja ana picha ya paka. Mwingine jiwe, Shemeji, mtu mzima ameweka picha ya jiwe. Mwingine ni tarakimu tupu kama namba ya mita. Nikaingia nikaandika, "Habari za hapa wakuu, ni Mjomba kutoka Mbinga." Kimya. Nikafikiri labda hawajui Kiswahili, nikawapa "gudi moning" yangu ya darasa la tano. Kimya. Nikawapa lile lori. Nimeliandika vizuri kuliko siku zote, na mteremko nikaugeuza mlima, maana hukuwepo. Hata mmoja hakushtuka. Ni kama kuhubiri kwenye ghala la mbolea.

Kisha Paka akanitumia picha ya samaki. Kadogo tu, ka rangi ya bluu. Nikafurahi! Nikasema huyu anajua natoka upande wa ziwa. Nikamwandikia habari za mbasa, anavyobanikwa kwenye mkaa, anavyoliwa na ugali wa muhogo, nikamwambia akija Mbamba Bay aulize kwa Agnela. Akatuma samaki mwingine. Na yule Jiwe naye akatuma. Nikamwita Filomena, "Njoo uone, wameshanizoea." Mwalimu wa Ukata ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa aibu, anaangalia pembeni: huko kwao samaki ndilo jina la yule mnyonge wa mezani wanayekuja kumla. Mimi, mtu wa mlimani nisiyejua hata kuogelea, paka ndiye ananiita samaki.

Siku ya kwanza nilishinda, na hilo ndilo lililoniua. Nilishinda kiasi ambacho kingenunua mlango mmoja. Nilimpigia Bosko dukani nikamwambia aniamkie kabla hajasema lolote. Lakini nakwambia wewe peke yako, hata ushindi ule haukuwa na ladha. Nikakaa na simu nikisubiri mtu aseme, "Mjomba umetunyoa." Hakuna. Jiwe aliondoka, akaja mwingine mwenye picha ya kiatu. Hela iliingia kama inavyoingia hela ya kuokota, unaangalia huku na huku.

Baada ya hapo nililiwa. Pole pole, vipande vipande. Hawa watu hawatishiki. Wewe unajua mkwara wangu, nikipandisha dau pale kwa akina Mwalimu walikuwa wananiachia, "Chukua Mjomba, tusije tukagombana." Nilidhani ni woga. Sasa nafikiri kwa nusu ilikuwa adabu tu, humwachi mkubwa wako apate aibu kwa bei ya chapati. Huku juu hakuna mkubwa wa mtu. Wanatupa karata kama watu wanaotema mbegu za pera, wanatupa, wanatupa, hawana haraka na wala hawaoni vibaya. Siku wakiweka, ujue wanazo. Na mimi nipo pale kila mzunguko nimeshalaza nyasi zangu, nafukia. Naona kabisa nimeshapigwa, ninajua, na bado naongeza. Kidole changu kinakwenda chenyewe kama nzi anayerudi kwenye kidonda. Naondoa nzi, anarudi. Nilikuwa nakiangalia kile kidole kwa kinyaa kana kwamba ni cha mtu mwingine aliyekaa mapajani mwangu.

Nilikuwa namaliza kucheza nakwenda kunawa mikono. Kwa sabuni. Filomena akaniuliza nimeshika nini. Nikamwambia mbolea.

Na Agnela akapiga simu. Hakuuliza chochote, Shemeji, alitaka kunisalimia tu na kusema mtoto wako wa mwisho amepona kikohozi. Sikumngoja. Nikamwambia jokofu liko njiani, limekwama Makambako, barabara mbaya. Jokofu ambalo halijanunuliwa limekwama Makambako! Akasema, "Asante shemeji, Mungu akubariki." Nikakata simu nikatema mate. Mimi nimedanganya maisha yangu yote, wewe ndiye shahidi, lakini zile zilikuwa hadithi, kila mtu anajua lori lilikuwa linateremka. Huu ulikuwa uongo. Niliujua kwa ladha.

Filomena alisikia yote kutoka jikoni. Hakupiga kelele, na wewe unaijua familia yenu, mkinyamaza ndiyo hatari. Alikuja akasimama mlangoni na mwiko akasema, "Nusu ile ni ya kaka yangu. Unamlia marehemu mdomoni." Akarudi jikoni. Tangu hapo chakula napewa, maneno sipewi.

Basi sikia ya mwisho.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, barazani pale pale, kigoda chako kiko wazi. Mtaji umebaki nusu, pengine pungufu kidogo. Nikapewa wafalme wawili. Wa kopa na wa uru. Wewe unajua wafalme wawili ni nini, mtu anaweza kukaa wiki hajawaona. Nikapandisha. Wote wakatupa isipokuwa Jiwe. Karata za mezani zikaja, ndogo ndogo, hakuna inayozidi wafalme wangu. Nikaweka, Jiwe akafuata. Nikaweka tena, akafuata. Nilikuwa nimeshalaza nyasi mteremko mzima, Shemeji, karibu nusu ya kilichobaki kilikuwa katikati ya ile meza. Ikaja karata ya mwisho, shupaza. Na mezani kulikuwa na shupaza nyingine mbili. Maana yake mtu mwenye shupaza mbili mkononi amekamilisha tano za aina moja, na wafalme wangu ni wa kuwashia moto.

Jiwe akasukuma hela zake zote.

Nilikuwa nashinda au nilikuwa nimekufa. Mashine inapiga ile saa yake, inanipa nafasi ya kufikiri, na mimi sifikirii, naiangalia tu inavyopungua. Nikifuata nikashinda, jokofu la kulala limerudi, na la kusimama linaonekana kwa mbali. Nikifuata nikashindwa, Agnela hana kitu, na nusu yako imeisha mikononi mwangu. Nikiacha, naacha mteremko umelimwa nusu. Kidole kikaenda kwenye "fuata." Nilikiona kinakwenda. Kilifika, kikaigusa ile sehemu kwa juu juu kama mtu anayegusa sufuria kuona kama ni ya moto.

Nikafikiria watu wa kwenu wakiosha miguu.

Nikabonyeza "acha."

Wafalme wakaenda. Hela ile ya katikati ikaenda. Jiwe hakuonyesha kitu. Sikuona karata zake na sitaziona. Inawezekana alikuwa na shupaza zake mbili. Inawezekana alikuwa na takataka, ananipiga mkwara, kajua samaki yule atashtuka siku moja. Sijui. Nilikaa pale nimeshikilia nguzo ya baraza, na nilitaka mtu mmoja tu aseme lolote. Jiwe akatuma samaki.

Nikatoka mezani nikahamisha kilichobaki chote siku ile ile.

Hakikutosha. Nikaongeza kahawa yangu, magunia yale niliyokuwa nimeyatenga nipige bati jipya jikoni. Kwa hiyo jiko litavuja masika haya, na Filomena atapika amejifunika nailoni, lakini kwa hilo hajasema neno baya. Bosko akanitafutia la kulala, dogo kuliko lile la kwanza, limekwaruzwa ubavuni ila linagandisha. Nikateremka nalo mwenyewe kwenye gari la mizigo, nimelikumbatia kwenye kona zote za mlima kama mgonjwa.

Majirani zako hawana huruma. Tulivyolishusha tu wakajaa. "Mjomba, milango miwili iko wapi?" Mwingine akasema, "Mmoja umeanguka Makambako." Kumbe ile ya Makambako ilishasambaa ufukweni kote. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na ya kuwajibu, hadithi ilikuwa imeshasimama tayari, ina wezi ndani yake na mtumbwi. Nikafunga mdomo. Nikasema, "Ndilo hili." Agnela hakucheka na wenzake. Alilichomeka, akangoja, akafunua akaingiza mkono, akafunika. Akafunua tena akaingiza mkono. Akasema, "Lina baridi, shemeji." Nikaangalia pembeni, upande wa majini, kama mtu anayeangalia hali ya hewa.

Nimerudi meza ndogo, lakini si kucheza, kusalimia tu. Mwalimu akaandika, "Shikamoo Mjomba. Tunasikia huko juu wamekuchuna mpaka kope." Bosko akaandika, "Mwacheni mzee, alikwenda kuangalia tu bei za vitu." Wakacheka zile nyuso zao za njano. Nami nikaandika. Nikaandika yote, wafalme, shupaza, Jiwe, kidole, ujumbe mrefu kuliko waraka wa askofu. Nikausoma. Nikaufuta.

Nimeufuta kwa sababu najijua. Wangeniuliza Jiwe alikuwa na nini, na mimi sijui, na mimi siwezi kukaa na hadithi isiyo na mwisho, ningeupachika. Kwanza ningesema alikuwa na shupaza zake, nilizisoma usoni mwake, uso wa jiwe lile. Ikifika Jumapili wafalme wangekuwa watatu. Ikifika msimu ujao wa kahawa ningekuwa nimeiacha hela ile kwa kumhurumia. Ningeila hadithi ile mpaka ibaki mifupa. Na kule kuacha ndicho kitu kimoja tu nilichofanya tangu uondoke ambacho nikikifikiria sioni kinyaa.

Kila nikiwasha simu, ile meza kubwa inanitumia ujumbe. "Tumekukumbuka, Mjomba." Kunikumbuka! Watu wasiojua hata kuitikia salamu. Wanasema wananiwekea zawadi nikirudi. Na mimi, naona haya hata kukuandikia, kinyaa kinanishika na kidole kinawasha, vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana simu iko kwenye buti. Kesho Bosko ataniondolea kila kitu humo ndani, namba na akaunti, nimemlipa kabisa nisije nikaghairi.

Kwaheri, Shemeji. Pumzika ulipo, na ukikutana na baba yangu mwambie niliacha mteremko nusu, umweleze vizuri wewe, mimi hatanielewa. Nusu yako iko kwa Agnela, inanguruma pale ukumbini. Nakuahidi meza kubwa sirudi. Na ile ya wafalme nakuahidi sitaisimulia kwa mtu, si kilabuni, si msibani, hata nikilewa, hata Mwalimu akinitukana mbele za watu. Wewe unajua ahadi ya kwanza ni rahisi kuliko ya pili.

Filomena ameniita nikageuze kahawa. Neno la kwanza wiki hii. Ngoja niende kabla hajabadili mawazo.

Shemeji yako,
Mjomba Gaudensi